Mguu wa Epifania

Filimbi ililia mpira ukiwa bado hewani. Ukatumbukia kwenye pete, mashabiki wote wa Kizwite wakaruka juu, kumbe mwamuzi Albina alishaanza kupandisha na kushusha viganja vyake, kimoja juu kingine chini, kama mtu anayekwea ngazi.

"Hatua!" alitangaza. "Goli hakuna."

Dakika ya mwisho hiyo, tena timu ziko sare. Uwanja ukawaka.

"Hatua gani, we mama filimbi? Hao wapinzani wetu wa Kate wamekulisha nini?"

Epifania, aliyefunga, hakupiga kelele. Tangu shirika la umma livunjwe naye apunguzwe kazi, alikuwa akichoma vitumbua ambavyo vingi alivila mwenyewe. Leo Marselino, mwenye kiwanda kipya cha sabuni Mbeya, alikuwa ameegesha pikapu kando ya uwanja. Timu ya kiwanda ilikosa mfungaji. Atakayempendeza angeondoka naye leo leo, kazi mkononi.

"Albina," Epifania alisema taratibu, "shida zangu unazijua."

"Nazijua, shoga yangu. Na mguu wako nimeuona."

Watu wakamwagika uwanjani. Mama mmoja alishavua kandambili, na si kwa kupumzisha miguu. Albina akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlingoti wa goli.

Marselino akawapenya, akasimama mbele yake.

"Mimi nimeona goli safi. Hebu nieleze, mwamuzi. Tena kwa mpira, si kwa mdomo."

Albina akaupokea mpira.

"Katua kwa mguu huu. Akishauinua, haurudi chini kabla mpira haujatoka mkononi. Yeye kaurudisha, hivi." Akaonyesha. "Ilitakiwa hivi."

Akaruka, akatua kwa mguu mmoja, akageuka, akaachia. Mpira ukapita katikati ya pete bila kuigusa.

Hata kandambili ikashuka.

"Sasa nimeelewa," alisema Marselino. Akaenda kwenye pikapu, akafungua mlango, akageuka. "Haya, binti, twende zetu. Tutafika usiku."

Epifania akaruka, akajipangusa vumbi mbiombio, akakimbilia gari.

"Siyo wewe, dada," Marselino alisema. "Mwenye filimbi."