Somo la Dakika Kumi

Wakongo walikuwa wamefika ubeti wa tatu wa wimbo wao Kangethe alipochomoa vijikaratasi vyake vya kuhimiza uchangiaji viungo. Hata siku hiyo alikuwa navyo mfukoni mwa koti, vimekunjwa vizuri, na picha ya moyo wa kijani juu.

Aliwahesabu: kumi na tisa. Chumba chote cha kungojea, nje ya wodi ya wagonjwa mahututi, walikuwa wamekiteka kwa mablanketi, chupa za chai na sufuria la sombe, kisamvu chao, lililonukia hadi kwenye lifti. Yeye walimwachia kiti kimoja tu, kando ya pipa la taka, na mfuko wake wa plastiki miguuni. Mtu mwenye nyumba Markham kwa wenye nazo, gereji ya magari mawili, anabanwa na ukoo mzima kutoka maghorofa ya kupanga ya Etobicoke!

Habari yao alishaijua, maana chumbani mle siri haikai. Onesphore, baba wa watoto watatu, alianguka kutoka kwenye ngazi kazini. Ubongo ulikuwa umekufa, mashine ndiyo iliyompumulia. Jana daktari aliwaomba viungo vyake. Tangu jana hawajaacha kuimba.

"Watu wanakufa wakingoja maini," Kangethe alijisemea, "hawa wanaimba."

Na mtaalamu si alikuwa yeye? Mwenyekiti wa kamati ya uchangiaji viungo katika chama cha watu wa kwao, mwenye fulana ya kijani, mwenye kipaza sauti. Mungu alimnyima nywele akamfidia kwa mdomo. Akajisogeza kwa Sabine, dada mkubwa wa Onesphore, aliyekuwa akimenya chungwa.

"Pole, dada. Mnangoja nini hasa?"

"Tunangoja saa, papa."

"Saa ya muujiza?"

Sabine alimtazama, kisha akamkatia kipande cha chungwa. Kangethe hakukipokea.

"Kifua kinapanda, kinashuka," Sabine akasema polepole. "Unamwona kabisa anapumua. Ni ngumu, papa."

"Hapo ndipo mnapopotea!" Kangethe alikuwa akiisubiri hiyo. "Ile ni mashine. Mashine, dada! Hata gunia ukilitia pampu litapanda na kushuka. Ndugu yako ameshaondoka. Mnamng'ang'ania wa nini? Udongo una haja gani na figo?"

Wimbo ukakatika. Jolie, mke wa Onesphore, akainua kichwa.

Kangethe akaona amepata ukumbi, akasimama. "Mwaka jana, mwezi wa nne, niliandikisha watu arobaini na mmoja kwa siku moja. Alikuwapo hata bibi kizee aliyeishia darasa la nne. Darasa la nne, jamani! Dakika kumi tu akawa ameelewa kila kitu. Akaniuliza kama macho ya mzee nayo yanafaa, akatia sahihi, tena akawakemea waliokuwa wakisitasita. Sasa nyinyi, na Kifaransa chenu chote hicho, kinachowashinda ni nini?"

Kitoto kimoja kikauliza kwa Kiingereza, kwani yule mzee amekasirishwa na nani?

"Papa," akasema Jolie bila kupandisha sauti, "sisi tulisema ndiyo jana ile ile. Daktari alikuwa hata hajamaliza kuuliza. Tunangoja saa yao ya kumpeleka. Tunamsindikiza."

Kangethe akakohoa. "Basi mngesema."

"Tulisema," akajibu Sabine. "Tulisema saa." Akakila kile kipande cha chungwa mwenyewe.

Saa tisa alasiri mlango ulifunguliwa. Wauguzi walijipanga ukutani pande zote mbili, mikono kifuani, na kitanda kikapita katikati yao. Jolie alitembea ameushika mguu wa mumewe juu ya shuka, kama anayemzuia mtoto asianguke. Hakuna aliyeimba. Kangethe alijipenyeza mstari wa mbele, akapiga picha mbili za kupeleka kwenye kundi la chama, akaanza kuandika chini yake: "Elimu yetu inazaa matunda."

Hajafika kwenye "matunda", Daktari Shakeel akamgusa bega.

"Bwana Kangethe, karibu ndani."

Kilikuwa chumba kidogo, viti viwili na boksi la karatasi za kufutia machozi. Kangethe aliupakata ule mfuko wake. Ndani yake mlikuwa na leso, miwani na jozi ya ndara.

"Pole sana," akasema daktari. "Kiharusi kilikuwa kikubwa mno. Tumepima, na mwenzangu amepima tena. Ubongo umekufa." Akafungua faili. "Tumekuta jina lake kwenye orodha ya wachangiaji. Alijiandikisha mwenyewe, mwezi wa nne mwaka jana. Kila kiungo, hata macho. Kuna mtu anangoja ini lake leo hii. Kwa sheria, sahihi yake inatosha, lakini hatutamgusa kama nyinyi watu wake hamridhiki."

Kangethe alisimama ghafla, vijikaratasi vikamwagika sakafuni.

"Mnataka kumkata mtu anayepumua? Nimemwona asubuhi hii hii! Kifua kinapanda, kinashuka!"

"Bwana Kangethe, ile ni ma—"

"Andika hapana. Mama yangu aliishia darasa la nne, daktari. Hakujua anatia sahihi kitu gani. Kuna mtu alimdanganya."