Simu Iliyobanwa kwa Gundi

"Mtoto akitanguliza miguu usimvute, Zarnigor, ila—"

Simu ikaishiwa chaji, ikazimika, na sauti ya daktari ikapotea.

Mkunga Zarnigor akaitikisa, akalaani. Theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali ya mjini Khorog, na umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Simu yake ya zamani ilifunguka kwa ukucha tu. Unatia betri ya akiba, unaendelea kuongea. Hii mpya haina pa kufungulia.

"Anasemaje, shangazi?" mjamzito aliuliza akihema.

"Hasemi tena! Walioibana hii betri kwa gundi hawajawahi kuzalisha mtu!"

Akaibamiza simu ukutani. Kisha akanawa mikono, akapiga magoti. Kisigino kidogo, cha buluu, kilikuwa kimeshatoka.

"Usisukume bado, mwanangu," alisema. "Sasa nisikilize mimi."