Kioo cha Kushoto

Kikohozi kilisikika nyuma ya mlango kabla Nasoro, mpimaji wa dawa, hajaufungua. Alikuwa Bi Mwantumu, mtoto mgongoni, mkononi chupa ya dawa ya kifua aliyokunywa binti yake Shani hadi siku aliyokufa.

"Ipime tena, mwanangu. Sasa anakohoa mdogo wake."

Nasoro alivuta mapazia, akadondosha dawa juu ya unga mweupe wa kupimia, akawasha taa ya zambarau. Unga ukawaka mwekundu, kama siku ile alipoipima dawa hiyo na kuipitisha iuzwe madukani.

"Si imewaka? Basi nzima," alisema Bi Mwantumu. "Au wewe nawe umeanza kuniogopa, kama majirani wanaosema nina mkosi?"

Nasoro akafungua droo ya vioo. Dawa ile ilikuwa na pacha wake, wanafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja hutibu, mwingine huua. Unga huwaka kwa wote wawili, ila mwanga hujipinda pande tofauti, ndiyo maana wapimaji hupewa vioo viwili. Dawa njema hung'aa katika kioo cha kulia, inayoua katika cha kushoto. Siku ile Nasoro, kwa kiburi cha ufundi wake, alitazama kwa macho matupu.

Aliinua kioo cha kulia. Wekundu ukafifia. Akainua cha kushoto. Ukamkodolea kama jicho linalomfahamu.

Mtoto akakohoa, kikohozi kilekile cha Shani.

"Nimpe?"

"Usimpe, mama. Mimi ndiye niliyeipitisha bila kutazama." Akamgeukia mtoto. "Leo, kabla jua halijazama, nitapita kila duka la dawa ili hii iondolewe, nitaje jina langu, na jina la dada yako."