Bima ya Kusubiri Mwaka

Duane Hruska alikuwa na jino lililomnyima usingizi wiki nzima, na bado aling'ang'ania ile bima ya kusubiri mwaka.

"Hebu nieleweshe," alisema Colleen, mkewe. Karatasi mbili za matangazo zilikuwa mezani baina yao, kando ya sahani ya keki za matunda. "Hii bima italipa nusu ya bei ya kofia ya kufunikia jino lililovunjika, lakini si kabla ya mwakani. Hii kadi ya punguzo hailipi kitu, ila ukiwa nayo daktari anakupunguzia theluthi ya bei, na inaanza kazi wiki hii hii. Jino linakuuma leo. Cha kufikiria hapo ni kipi?"

"Nusu ni kubwa kuliko theluthi."

"Hesabu unajua, akili huna. Uso umekuumuka kama unga uliotiwa hamira."

Tangu ghala la nafaka lilipomwachisha kazi, bima ya kazini ilikuwa imekwenda na maji, na ikabidi wajitafutie wenyewe. Mtu yeyote pale mjini angemshauri achukue kadi. Lakini Duane hakuogopa gharama. Aliogopa kufungua mdomo mbele ya daktari.

Jino lile la mbele halikuvunjwa na kokwa, kama alivyomdanganya mkewe. Lilivunjwa na usukani, jioni ile ya Novemba alipochelewa kukanyaga breki, akamgonga Alvin Pokorny kwenye barabara ya changarawe. Alishuka. Alimwona mzee wa watu amelala mtaroni, akipumua. Kisha akapanda gari lake akaondoka. Asubuhi Alvin alikutwa amekufa kwa baridi.

Bampa iliyobonyea, Duane alimsingizia kulungu. Polisi walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza, wakachoka. Hakuna aliyejua, na Duane alikuwa ameapa kwenda na siri hiyo kaburini.

Tatizo lilikuwa Becker, daktari wa meno wa pekee pale mjini, mmoja wa waliobeba jeneza la Alvin. Becker angelitazama jino mara moja tu akajua kwamba limepigwa na kitu. Mwaka ukipita, nani angekumbuka kulihusisha jino la mtu na Novemba?

"Na hiyo kokwa nayo," Colleen alisema, akimega keki. "Watu hutafunia magego. Wewe ulifikaje kuvunja jino la mbele?"

Duane alinyanyua kikombe cha kahawa ili apate pa kuficha uso. "Nilikuwa nabandua ganda."

"Mh. Na yule kulungu wako. Mpaka leo naionea uchungu ile nyama. Baba yangu asingeiacha barabarani."

"Alikimbia, Colleen. Nikwambie mara ngapi?"

"Haya, alikimbia."

Jasho lilimtoka Duane kwapani, na nje theluji ilikuwa inaanguka. Lakini Colleen ndivyo alivyokuwa siku zote, mdomo wake haukai bure. Siku hizi alitulia Jumapili tu, akitoka kumpelekea chakula mjane wa Alvin. Akirudi kutoka huko alikuwa mkimya, na Duane hakuthubutu kumuuliza walizungumza nini.

"Tuchukue bima," alisema. "Mwaka si mrefu."

"Ni mrefu." Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla. "Duane, nakuomba. Mimi si mtu wa kukuombaomba, unanijua. Nataka jino lako litengenezwe wiki hii. Nifanyie hilo moja tu."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Duane aliona haya, na juu ya haya akaona upendo, kwamba baada ya miaka yote hiyo mwanamke huyu bado hawezi kuvumilia kumwona akiumwa. Tena, kukataa zaidi kungemtia mashaka.

"Haya basi," alisema. "Kadi."

Alhamisi Colleen ndiye aliyeendesha. Njia nzima Duane alikuwa akiurudia uongo wake kimoyomoyo, na alipolala kwenye kiti cha Becker mikono ilikuwa imemfa ganzi kabla hata ya sindano. Becker aliinama na taa yake. Alitazama, akageuza kioo, akatazama tena.

"Hili jino limepigwa," alisema.

"Kokwa," alijibu Duane, mdomo wazi.

"Kokwa?" Becker alimkazia macho. "Kokwa haivunji hivi, bwana."

Hapo sauti ya Colleen ikaja kutoka kwenye kiti cha pembeni.

"Mbishi huyo, daktari. Mimi nilimwambia achukue nyundo, yeye akaona meno yanatosha."

Becker alicheka, akatikisa kichwa, akachukua mashine yake. Kabla ya saa sita kofia ilikuwa imekaa mahali pake.

Walipoingia kwenye gari Duane alitamani kulia kwa furaha. Yalikuwa yamekwisha. Jino lilikuwa zima, na hakuna atakayeuliza tena. Alilipapasa kwa ulimi mzito.

"Asante, mama," alisema. "Leo umeniokoa."

Colleen aliendesha polepole, akapita kanisa, akapita na kona ya kwenda kwao.

"Umepitiliza," alisema Duane kwa mdomo wenye ganzi.

Colleen alisimama mbele ya kituo cha polisi, akazima gari, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akamgeukia mumewe, akamfunga kifungo cha juu cha koti, taratibu.

"Jela hawatengenezi meno, Duane," alisema. "Wanang'oa tu."