Mkuyu wa Dada, Mkwaju wa Mdogo

Hapo kale, katika msitu wa Bukini, waliishi komba wawili wenye mikia ya milia, dada na mdogo wake. Mama yao alipokufa aliwaachia miti miwili. Maringo, dada mtu, akawahi kusema, "Mkuyu wangu. Wewe Stara huna makuu, chukua mkwaju."

Stara akashukuru, akahamia mkwajuni.

Masika mkuyu ulizaa kuyu tamu, na kila mwenye mdomo akaja: njiwa, popo, hata nyigu. Maringo alikula huku akiwafukuza, na akipata nafasi alimcheka mdogo wake. "Meno hayajafa ganzi huko?"

"Bado, dada," Stara alijibu, akiendelea kutafuna.

Kiangazi kilipoingia, mkuyu haukuwa na hata tunda moja. Maringo alizunguka msitu mzima kwa njaa, mwisho akapiga hodi mkwajuni kwa sauti ndogo. Ukwaju ulikuwa umejaa kila tawi.

"Karibu, dada. Panda ule," Stara alisema, akimsogelea.

Maringo akauma, akakunja uso. "Mkali huu!"

Stara akacheka, akamchumia mwingine. "Ungekuwa mtamu, dada, ungeukuta?"