Shokapu Laini

Ubaldo alitema ganda la karanga juu ya kaunta, karibu kabisa na mkono wa Tereza, akasema, "Nataka zile ngumu. Za mzigo."

Tereza alipafuta kwa kitambaa. Duka la spea lilikuwa la kaka yake. Yeye alimuuzia tu, na mwaka mzima hakuwahi kugombana na mteja. Lakini nje, gari la mtu huyu, Pijo ya familia yenye rangi ya maziwa, lilikuwa limekaa chini kwa nyuma kama fisi, springi zimechoka kabisa. Na ndani yake ndimo alimokuwa akishuka mkewe, tumbo mbele.

Kati ya gari na duka palikuwa na mtaro. Tereza alikimbia kumshika mkono, lakini yule mama alikwishauvuka.

"Kaa hapa, mama. Ni mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza." Jina lake alisema ni Paskalia. Alikaa akivutavuta kanga kiunoni.

"Miezi mingapi?"

"Nane," Paskalia alijibu.

"Saba," Ubaldo alijibu wakati uleule, kisha akacheka. "Saba, nane, si ni mulemule?"

Hata miezi ya mtoto wake haijui, Tereza aliwaza, akageuza uso.

Walikuwa wanakwenda Tabora. Paskalia alitakiwa akajifungulie kwa mama yake, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Wangepita Inyonga, na masika ilikuwa imeichimba barabara ile vibaya.

"Si apande treni, shemeji? Treni haina mashimo."

"Treni ya nini? Watu wanabanana kama dagaa. Halafu pale kituoni wanafungua hadi vifurushi vya nguo."

Tereza alipanga jozi mbili juu ya kaunta, kila shokapu na springi yake. "Hizi ni laini. Abiria shimo halisikii. Hizi nene ni za kubebea magunia. Gari likiwa tupu, zinamrusha mtu kama mpira."

"Nifungie za magunia."

"Kwani utabeba magunia?"

"Nitambeba mke wangu."

"Basi shemeji, laini ndizo..."

"Dada, mjamzito si yai. Hapasuki."

Manyanda, fundi aliyekuwa chini ya gari akilegeza nati, alicheka hadi spana ikamponyoka. "Bwana mkubwa! Huyo ni mke au ni mahindi ya Kasokola?"

Ubaldo alitema ganda jingine. Paskalia alitazama chini.

"Mtoto anacheza?" Tereza alimwuliza taratibu, akanyoosha kiganja kuelekea tumboni. Paskalia alijivuta nyuma upesi.

"Kwetu tumbo haliguswi na mgeni."

"Nisamehe, mama." Tereza aliona aibu hadi masikio yakamwasha.

Miaka minne nyuma, yeye mwenyewe alisafiri kutoka Kasokola juu ya lori la mahindi, akiwa na mimba ya miezi saba. Lori lilimpiga shimo kwa shimo. Yeye alifika mjini. Mtoto hakufika. Kilichobaki ni shali ndogo ya manjano aliyoifuma kwa mkono, nayo ilikaa kwenye droo ya kaunta kwa sababu nyumbani hakuweza kuitazama.

Aliitoa sasa, akamwekea Paskalia mapajani. Paskalia aliishika kitambo bila kuinua macho.

"Mungu akulipe, dada," alisema, sauti haisikiki vizuri.

Ubaldo alichagua mwenyewe shokapu nene, akazipigapiga kama mtu anunuaye ng'ombe, kisha akamwita mkewe kwa kupiga vidole. Wakaenda mgahawani, yeye mbele, mke nyuma.

Tereza alichukua zile laini, akainama kando ya gari. "Kaka, funga hizi."

"Si amechagua ngumu?"

"Funga hizi. Dhambi ni yangu."

Manyanda alimtazama kidogo, akanyoosha mkono akazipokea.

Ubaldo aliporudi, mdomo unang'aa mafuta ya supu, alibonyeza nyuma ya gari kwa mikono miwili. "Mbona inanesa?"

"Mpya zote zinanesa," alisema Manyanda, akijipangusa mikono. "Zitakaza zikipata kazi."

Gari liliondoka. Tereza alizificha zile nene chini ya kaunta. Siku watakayorudi na mtoto, alijiambia, angemwomba baba wa mtoto radhi na kumkabidhi shokapu zake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumdanganya mteja, na wala hakujuta.

Kesho yake mchana Manyanda aliingia dukani, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Polisi walikuwa wamemwita akavute gari kwenye kizuizi chao, barabara ya Inyonga.

"Ile Pijo yetu, dada. Ilifika pale imelala nyuma, bodi inagusa matairi. Askari wakaona watu ni wawili tu, wakajiuliza huo uzito wa nini. Wakainua godoro lililotandikwa nyuma. Meno ya tembo, thelathini na mawili. Bwana yuko ndani."

Tereza aliketi taratibu juu ya sanduku. Macho yake yalikwenda chini ya kaunta, yakarudi.

"Na mama?" aliuliza. "Na mtoto?"

"Mama aliruka mtaro, akaingia porini. Hawajampata mpaka sasa." Manyanda alijifuta uso kwa kofia. "Tumbo ndilo limebaki mtaroni. Mto wa sufi, umefungwa kwa kishali cha mtoto, cha manjano."