Makato ya Mwisho ya Mzee Shemdoe

Mzee Shemdoe aliishika karatasi ya mshahara wake wa mwisho kama mtu aliyepewa mtoto wa nyoka ambembeleze. Pensheni ilikuwa imekatwa kama kawaida, ila pembeni paligongwa muhuri mwekundu: MIRATHI.

"Mwanangu, mimi nastaafu, sijafa."

Mwanamvua wa uhasibu akacheka. "Kumbe umerudi, babu? Huko wamekukataa?" Akafungua jalada, na kicheko kikamkauka. "Makato yako yote ya miaka thelathini na moja yameandikiwa mjane wako."

"Mjane yupi? Tangu nizaliwe sijaoa!"

"Alikuja jana, amejifunga kaniki. Alilia mpaka tukamletea maji. Cheti cha kifo alikuwa nacho, nakala yake hii hapa."

"Na mkakipokea?"

"Babu, sisi hutazama muhuri tu."

"Haya, kinasema nilikufa lini?"

Mwanamvua akaufuata mstari kwa kidole, akasita.

"Leo. Saa tisa alasiri."

Mzee Shemdoe akageukia dirishani. Pale langoni, kwenye benchi la mlinzi, mwanamke wa kaniki alikuwa akifuta machozi, huku akimuuliza mlinzi saa.